Maji ya Mifupa

Wasifu wa Eliamani ulisomwa na mdogo wake wa kiume, kule nyumbani kwao juu ya Kikatiti, akiwa amesimama kati ya turubai na migomba. Ulipofika kwenye mwaka wetu ulikuwa na sentensi moja tu: marehemu alijiunga na masomo ya shahada ya uzamili, ambayo kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake hakuyakamilisha. Kisha ukasonga mbele kwenye ualimu wa kemia, ndoa, kwaya ya usharika, figo, na ile miezi ya kwenda hospitali na kurudi. Nilikuwa nimekaa mstari wa tatu, kitenge kimenibana kiunoni, na nikashikwa na kicheko, kile kicheko kibaya kinachompata mtu msibani, ikabidi nijifanye nakohoa. Sababu zilizo nje ya uwezo wake zilikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Baada ya mazishi nikapewa sahani ya wali, nyama na ndizi, nikaimaliza yote, kwa kuwa nilitoka Arusha bila kunywa chai na tumbo halina aibu. Mama mmoja wa usharika aliyekaa pembeni yangu akaniuliza nilimfahamu wapi mwalimu. Nikamwambia tulisoma pamoja zamani. "Poleni sana," akasema. "Huwezi kupata rafiki kama yule." Nikamwambia ni kweli, nikaomba maji ya kunawa.

Mwaka ule tulikuwa wawili katika chumba kimoja cha maabara, mwisho wa korido, dirisha likiutazama Mlima Meru, ingawa mlima wenyewe tuliuona asubuhi tu kabla mawingu hayajaufunika. Palikuwa na meza mbili, friza iliyonguruma mchana kutwa, sinki lenye doa la kahawia, na boksi la bati tulilotengenezewa na fundi mageti wa Sombetini ili kuzuia umeme wa nje usiingilie vipimo vyetu. Ndani ya boksi ilikaa seli yetu, chombo cha kioo kidogo kuliko glasi ya chai. Chini yake uliweka kimiminika kizito cha jamii ya mafuta, juu yake maji yenye chumvi kidogo. Havichanganyiki. Pale vinapokutana pana mpaka, na sisi kazi yetu ilikuwa kuutia umeme mpaka ule, kwa nyaya mbili kutoka juu na mbili kutoka chini, na kutazama nani anakuja kusimama pale. Kwenye kimiminika hicho cha chini tuliyeyusha lesithini, lipidi, yaani aina ya mafuta, inayopatikana kwenye kiini cha yai. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, kwa hiyo ikifika mpakani imefika kwao: inasimama, kichwa juu kwenye maji, mikia chini kwenye mafuta. Ukiisukuma volteji upande mmoja, lipidi zinakuja kujipanga hapo zimebanana. Ukiisukuma upande wa pili, zinaondoka. Zikijipanga, uwezo wa mpaka kushika chaji unashuka, na kwenye grafu unaona bonde. Eliamani alitafuta bonde linatokea kwenye volteji gani, mimi nikatafuta linavyobadilika ukibadilisha chumvi. Watu wakituuliza tunasoma nini, yeye alijibu, "Tunasoma ngozi," kwa sababu utando wa kila chembe hai umeanza hivyo hivyo, na mimi nilimwona anajidai.

Msimamizi wetu tulimwita Dokta, basi, kama vile hapakuwa na dokta mwingine duniani. Alikuwa mwanamke mrefu wa Bukoba, mkali kwa walegevu, na ile seli ya kioo aliibeba mwenyewe kutoka nchi aliyosomea, ameivika soksi ndani ya mkoba. Lesithini nayo ilitoka huko, ikiwa kwenye barafu, na ilikuwa chupa moja ndogo kama kidole. Ya kabla yake ilikaa uwanja wa ndege kwenye joto mpaka ikaoza. Nyingine ingechukua miezi, na ufadhili wetu ulikuwa wa mwaka mmoja usioongezwa hata siku. Kwa hiyo tulichota kwa ncha ya kijiko, tukipumua polepole.

Kazi ya namna hii haivumilii uchafu. Tabaka tulilolipima lilikuwa na unene wa molekuli moja, na mafuta ya ncha ya kidole yaliweza kukuharibia wiki nzima. Tulianza na maji ya betri ya dukani, tukafanya jaribio tupu, yaani kila kitu isipokuwa lesithini, na grafu ikatoka bapa kama meza. Tukashangilia, tukaandika kwenye daftari kwamba maji ni safi. Kisha maji yale yakaadimika mjini, na Eliamani akasema tutengeneze ya kwetu. Mtambo wa kukeneka, wa kuchemsha maji na kuurudisha mvuke wake kuwa maji, tulikuwa nao, wa kioo, mzima kabisa. Lakini hakuwa tayari kuutia maji ya bomba hivi hivi. Ili umwelewe lazima uyajue maji ya kwetu: yana floraidi, yanatia meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na yakimzidi mtoto yanampinda mifupa. Eliamani alikuwa na dada mwenye matege aliyetembea kama mtu anayeteremka mlima hata akiwa tambarare. Kwao, kama kwa wengi wa Meru, maji ya kunywa yalichujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa kuwa mkaa huo unaifyonza floraidi. Kemia yetu haikudai hivyo. Floraidi haipandi na mvuke, inabaki chini ya mtambo, na hilo alilijua vizuri kuliko mimi. Ila mtu wa Meru akishika glasi ya maji, cha kwanza anachokiona ni meno ya wadogo zake. Mimi Mwarusha wa Elerai, mwenye meno ya rangi ile ile, niliona anafanya jambo la busara.

Mifupa aliipata kwa wachoma nyama, akaichoma mwenyewe kwenye pipa nyuma ya nyumba yao, akaisaga, akaileta chuoni kwenye ndoo mbili zenye mfuniko. Mkaa wa mifupa ulioiva huwa wa kijivu na hauna harufu. Wa kwetu ulikuwa kahawia. Niliinamia ndoo, nikanusa, nikacheka. "Eliamani, hii inanukia supu."

"Ndo utamu wake, Nase. Wenzetu huko wana mashine, sisi tuna ng'ombe."

Dokta alipita asubuhi moja akaikuta ile ndoo ya juu ikidondosha kwenye ndoo ya chini. "Maji yako ni safi?" akauliza. "Safi, Dokta. Nimeyachuja na nitayakeneka." Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bukoba hawana habari za floraidi, na nadhani aliona haya kumuuliza Mmeru kuhusu maji ya Meru. Wala hakuna kati yetu watatu aliyesema turudie jaribio tupu kwa maji mapya. Jaribio tupu hufanywa kutafuta uchafu, na haya yalikuwa maji yaliyosafishwa mara mbili. Leo nafundisha, na kila mwaka nawasumbua wanafunzi wangu mpaka wananichukia: umebadilisha maji, rudia; umebadilisha sabuni, rudia; umebadilisha hata kitambaa, rudia. Wanadhani ni ukali wa uzee. Sijawahi kumweleza hata mmoja wao.

Bonde likaja. Lilianza kutokea mara baada ya Pasaka, kina chake kizuri, mahali pale pale, siku baada ya siku, na Eliamani akawa hawezi kukaa kwenye kiti. "Njoo uone, njoo uone zinavyotii!" aliniita, akigeuza volteji upande huu, bonde, upande ule, hakuna. Ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyowahi kuishi na ninaikumbuka kwa uchungu. Alikuja kila Jumatatu na kindoo cha loshoro kutoka kwao, mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa ya mgando, na kwa kuwa chakula hakiruhusiwi maabara tulikula tumekaa sakafuni kwenye korido, tukipokezana kijiko kimoja kwa sababu cha pili kilipotea na hakuna aliyekumbuka kuleta kingine. Dokta akitukuta alituruka miguu, akasema, "Nyie watoto mtaota mizizi hapo." Chumba nilichopanga Sombetini kilikuwa na ukuta wa upande mmoja tu uliopigwa lipu, na nilirudi huko nikilala na kuamka nikiwaza lile bonde. Nilikuwa na furaha. Sikujua kama nilimpenda Eliamani au nilipenda grafu, na sikuona haja ya kujua.

Kati ya maabara na ofisi ya Dokta palikuwa na ukuta wa plaiwudi. Mwezi wa nane, mchana mmoja, Eliamani akiwa amekwenda benki ya mbele ya chuo kusimama foleni, nilimsikia Dokta akiongea kwa simu na mwenzake aliyebaki kule alikosomea. "Naelewa, nafasi ni moja," akasema. "Basi nitakuletea kijana. Binti? Binti ni mchapakazi, akitumwa anafanya. Lakini kijana ana jicho." Akasikiliza, kisha akacheka. "Hapana, hajui. Nitamwambia akishalipita jopo la tasnifu." Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia seli. Nikaendelea kuifuta ilhali ilikuwa kavu. Hakuna aliyekuwa ameniambia uongo, hakuna aliyeninyang'anya kitu, na bado nilijisikia nimepigwa kofi mbele za watu. Mchapakazi. Neno hilo hata leo nikisifiwa nalo naitikia kwa meno tu.

Mwezi uliofuata Eliamani alikuwa amemaliza vipimo, akahamia kwao kuandika tasnifu yake, akawa anakuja chuoni Ijumaa tu. Mimi nilikuwa bado na chumvi mbili za kupima. Asubuhi moja ya mvua niliandaa seli, nikamimina mafuta, nikamimina maji, nikaunganisha nyaya, nikawasha. Bonde likatokea, zuri, mahali pake. Ndipo nilipogeuka na kuona kichupa cha mafuta yenye lesithini kiko mezani, kimejaa, kizibo hakijafunguliwa. Nilikuwa nimemimina mafuta matupu, yasiyo na lesithini. Nikaosha seli kwa asidi, nikarudia, bila lesithini kwa makusudi. Bonde. Nikaenda mjini, duka la tatu nikapata maji ya betri, nikarudia kwa maji hayo. Bapa kama meza. Nikafunua ndoo ya mkaa, nikanusa tena ile harufu ya supu, na safari hii sikucheka. Mifupa ina uboho, uboho ni mafuta, na mifupa iliyochomwa nusunusu hutoa mafuta yanayopanda na mvuke hata kwenye mtambo mzima. Siyo mengi. Kwetu hayakuhitajika mengi. Miezi mitano yote, kilichokuwa kinakuja kusimama mpakani, kikimtii Eliamani na volteji yake, kilikuwa ng'ombe.

Nilitakiwa kushuka barabarani, kupanda gari la Kikatiti, na kumwambia siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeshavaa koti. Lakini niliifungua friza nikaiangalia ile chupa, na ndani kulikuwa na lesithini ya kumtosha mtu mmoja kurudia kazi yake kwa maji safi. Mmoja, siyo wawili, na wiki zilizobaki kabla ya jopo zilitosha vilevile mmoja. Nikavua koti. Sijawahi kupata namna ya kuisimulia hii inayonifanya mtu mwingine. Sikushawishiwa na yeyote, sikuwa na njaa, sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na wivu, na nilikuwa nimesikia neno mchapakazi kupitia plaiwudi, basi.

Nilirudia kazi yangu yote kwa wiki tatu. Ijumaa Eliamani alikuja na sura za tasnifu yake zikiwa kwenye bahasha ya kaki, akaomba nimsomee, kwa kuwa alisema jicho langu kwa lugha ni kali. Nilisoma. Nilisoma sura nzima inayoeleza kwa upole na kwa akili nyingi jinsi lesithini inavyokuja mpakani kwenye volteji fulani, na nilijua kila mstari ni mifupa, na nikamsahihishia koma. Aliniletea parachichi za kwao kwa shukrani. Nilizila zile parachichi na chumvi, chumbani kwangu, na zilikuwa tamu.

Grafu zangu zilipokamilika, siku nne kabla ya jopo, nikamwambia. Ningependa kusema dhamiri ilinishinda, lakini nafikiri nilihofia tu kwamba watahini wataziweka tasnifu zetu mbili pamoja na kuuliza kwa nini mabonde hayafanani. Nilimwambia nimegundua jana. Hakupiga kelele. Alivaa koti la maabara, akaiandaa seli bila lesithini, nikamshikia funeli, akawasha. Tukalitazama lile bonde likijichora. "Ni mafuta ya mifupa," akasema polepole. "Mungu wangu. Nimeyatia mwenyewe kwa mkono wangu." Kisha akageuka. "Lesithini imebaki kiasi gani?"

"Imeisha," nikasema. "Zile chumvi zangu za mwisho zimeimaliza."

Hakwenda kuangalia. Friza ilikuwa hatua tatu kutoka aliposimama, na hakwenda kuangalia, kwa sababu nilikuwa nimemwambia mimi. Akaniuliza yangu itakuwaje. Nikamjibu kwamba ya kwangu ilikuwa salama, nilibahatika kutumia maji ya dukani kwenye vipimo vingi. Akasema, "Afadhali. Afadhali mmoja wetu." Nikamwambia anaweza kunyamaza, hakuna atakayejua, watahini hawawezi kunusa ndoo. Akaniangalia kama mtu ambaye hajaelewa lugha.

Mbele ya jopo alisimama na shati jeupe lililopigwa pasi na dada yake, akaonyesha grafu yake nzuri kuliko zote, akasema, "Waheshimiwa, bonde hili si la lesithini. Ni la mafuta ya mifupa niliyotumia kuchujia maji. Sina matokeo." Dokta alivua miwani, akaifuta, akashindwa kuivaa tena. Mtahini mmoja akamuuliza kama anaweza kurudia. Akajibu hana lesithini, na ufadhili unaisha Ijumaa. Wakamsifu kwa uaminifu wake, wakamwambia arudi akipata mfadhili, na kila mtu mle ndani alijua maana yake. Mimi niliingia baada yake, nikafaulu. Jioni Dokta aliniita ofisini, akaniambia kuna nafasi moja ya kwenda kusoma nje, na akaongea akitazama dirishani. Sikuuliza ilikuwa ya nani. Nilisema asante.

Kisha ikawa siku ya kusafisha chumba kwa ajili ya watakaokuja, Eliamani na mimi peke yetu, kwa kuwa alisema hawezi kuniachia kazi yote. Yeye aliosha vyombo, mimi nikafuta meza. Alipofika kwenye friza, aliitoa ile chupa ya lesithini, sasa tupu, ili aioshe na vingine. Chupa ile ilikuwa na kipande cha plasta kilichozungushwa shingoni, kwa amri ya Dokta: kila anayechota aandike tarehe na herufi ya jina lake. Mkono wangu ulikuwa umezoea. Niliandika hata zile siku nilizokuwa naiba, moja chini ya nyingine, kwa mwandiko safi, wiki tatu nzima, mara nyingi kuliko chumvi mbili zinavyohitaji, na ya kwanza kabisa ilikuwa ile asubuhi ya mvua. Nilimwona anaigeuza chupa taratibu, akisoma. Alisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena. Nilisimama na kitambaa mkononi nikisubiri matusi. Niliyataka. Ofisi ya Dokta ilikuwa wazi, na sauti ya kawaida tu ingemfikia.

"Uliipima lesithini kwa maji safi," akasema. Halikuwa swali.

"Ndiyo."

"Bonde lilikuwepo?"

Nilishindwa kuelewa anachouliza. Nikasema lilikuwepo, dogo kuliko la kwako, limesogea kidogo upande wa kushoto, lakini lilikuwepo.

"Ukigeuza volteji linaondoka?"

"Linaondoka."

Akaguna, akaitazama sakafu, na niliona usoni mwake kitu ambacho sitaki kukiita furaha. "Basi zile lipidi zinakuja kweli," akasema. Akaibandua ile plasta kwa kucha, akaikunja ikawa kidonge, akaitia mfukoni mwake, akaitumbukiza chupa kwenye ndoo ya sabuni na kuanza kuiosha.